Amplifaya na spika za sebuleni Kisumu: nazipanga kuanzia ile ningenunua leo

Jumapili asubuhi pale soko la Kibuye utakuta meza zimejaa spika zisizo na vifuniko, redio zilizofunguliwa matumbo na amplifaya nyeusi ambazo bado zina vumbi la kontena. Mwezi uliopita nilimsindikiza pale mwalimu mmoja mstaafu aliyetaka kusikiliza benga na rumba nyumbani kwake. Kijana wa kuuza akamwinulia boksi kubwa lenye taa za rangi. "Jaduong' (yaani mzee), hii ukiifungulia majirani watahama." Mwalimu akamjibu kwa upole: "Kijana wangu, mimi nataka kusikia gitaa la besi linasema nini. Majirani wakae."

Hicho ndicho kipimo ninachotumia kupanga orodha hii. Kwenye benga gitaa la besi halikai nyuma, linatembea na kujibizana na gitaa la solo. Mtambo mzuri utakupa kila noti ya besi peke yake. Mtambo mbaya utakupa mngurumo mmoja kuanzia mwanzo wa wimbo hadi mwisho.

Kwanza, habari ya wati

Mbele ya boksi la wufa (spika ya besi) unaweza kusoma wati 10,000, mara nyingi zikifuatwa na herufi PMPO, yaani nguvu ya kilele cha muda mfupi sana. Usiamini namba hiyo. Geuza kifaa, usome kibandiko kilicho karibu na waya wa umeme. Utakuta 240V, 50Hz, na pengine 60W. Hizo 60 ndizo kinazovuta kutoka ukutani, na hakuna kifaa kinachoweza kuendelea kutoa nguvu nyingi kuliko inayoingia.

Na hata wati za kweli haziongezi sauti kama watu wanavyodhani. Spika ikiandikwa desibeli 88 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), maana yake ni kwamba ukiipa wati moja tu na kukaa mita moja mbele yake utapata desibeli 88. Mazungumzo ya kawaida ya watu wawili ni kama 60. Kuongeza desibeli 3 unahitaji wati mara mbili. Ili sikio lako liseme sauti imekuwa maradufu, unahitaji wati mara kumi. Kwa hiyo kutoka amplifaya ya wati 50 hadi ya wati 100 umepata desibeli 3 pekee, tofauti ambayo wageni wako wataitambua kwa shida. Lakini ukichagua spika ya desibeli 91 badala ya ile ya 85, ni kama umeizidisha amplifaya mara nne bila kuongeza shilingi moja kwenye amplifaya yenyewe.

Msimamo wangu ni huu: wati 30 za kweli kila upande zinatosha sebule ya kawaida ya Kisumu, Kakamega au Nakuru, na nusu ya pesa zako au zaidi iende kwenye spika.

1. Amplifaya ya stereo ya mtumba, hasa iliyotoka Uingereza

Hii ndiyo ningenunua leo, na ndiyo mwalimu aliyobeba. Uingereza umeme wao unalingana na wetu, na plagi yao ni hii yetu ya miguu mitatu. Unachomeka moja kwa moja. Ndani utakuta transfoma nzito ya shaba na chuma, na bamba la alumini la kutoa joto. Inua amplifaya kwa mikono miwili kabla hujauliza bei, kwa sababu transfoma haiwezi kughushiwa kama namba ya kwenye boksi. NAD 3020, iliyotoka mwaka 1978, iliandikwa wati 20 tu kila upande, na bado ilipata sifa duniani kwa kuendesha spika ngumu zilizoshinda amplifaya zenye namba kubwa zaidi. Mbali na NAD, tafuta Rotel, Cambridge Audio, Denon, Marantz, Technics au Pioneer.

Za kutoka Japani ni nzuri pia, ila zina mitego miwili. Wa kwanza ni umeme: zile zilizotengenezwa kuuzwa kwao hutumia volti 100. Niliujua mtego huu kwa kuumia. Muuzaji mmoja aliniambia imeshabadilishwa, nikamwamini, nikaenda nayo nyumbani na kuichomeka ukutani. Ilinguruma kama sekunde mbili, ikatoa harufu ya vanishi inayoungua, kisha ikanyamaza kabisa. Nilipobandua kibandiko cha bei kule nyuma, chini yake paliandikwa AC 100V kwa herufi ndogo. Fundi alipoifungua, karatasi ya kuzungushia transfoma ilikuwa imegeuka kahawia kama chapati iliyosahauliwa jikoni. Transfoma ya kushusha umeme inasaidia, lakini uliza inatoa volti ngapi, maana nyingi hutoa 110 na mtambo wa 100 utafanya kazi ukiwa moto kupita kiasi. Za Marekani, za volti 120, hukaa vizuri zaidi kwenye hiyo 110.

Mtego wa pili wanaujua wenye magari ya Japani: redio yao ya FM haifiki mbali juu ya 90, na stesheni zetu nyingi ziko kati ya 90 na 108. Ukinunua risiva (amplifaya yenye redio ndani) ya Japani kwa ajili ya redio, utabaki na kelele.

Kabla hujalipa, nenda na simu yenye nyimbo tatu unazozijua hadi pumzi ya mwimbaji, waya wa kuunganisha simu, na kama unaweza, fundi mwenye mita. Washa bila muziki, upandishe kifungo cha sauti taratibu. Ikikwaruza kama mchanga kwenye sufuria, usiogope sana. Kwetu huku karibu na ziwa hewa ina unyevu na vifungo hushika kutu, na fundi akipuliza dawa ya kusafisha mara nyingi hunyamaza. Kinachonitia wasiwasi ni upande mmoja unaopotea na kurudi, au mngurumo wa umeme usioisha hata sauti ikiwa sifuri. Mwambie fundi apime umeme wa DC (kama wa betri) pale spika zinapofungwa, muziki ukiwa kimya. Chini ya milivolti 50 ni salama. Ikipita 100, iache pale pale mezani hata kama bei ni ya kutupa, kwa sababu ikizidi kuharibika itakula spika zako.

2. Amplifaya ndogo ya daraja D

Kwa anayekaa chumba kimoja Nyalenda au bedsita ya Nakuru, na kwa nyumba ya kijijini inayotumia sola, hii inakaribia sana namba moja. Ni kisanduku kinachoingia mkononi, kina Bluetooth, na ndani yake kuna chipu, nyingi zikiwa na TPA3116 ya Texas Instruments. Chipu hiyo inakubali umeme wa kuanzia volti 4.5 hadi 26, kwa hiyo betri ya sola ya volti 12 inaiendesha bila kupitia inveta. Amplifaya ya zamani hugeuza karibu nusu ya umeme kuwa joto, lakini hii hupoteza kidogo sana, na betri yako itakubeba jioni nzima.

Angalia adapta. Nguvu ya amplifaya hizi inategemea volti, na ukipunguza volti kwa nusu, wati zinabaki robo. Dukani Oginga Odinga Street nimeona kisanduku kilichoandikwa wati 100 kikiuzwa pamoja na adapta ya volti 12. Haiwezekani zitoke. Mwambie mwenye duka akupe ya volti 24 yenye ampea 4 au zaidi, au uinunue pembeni. Kwa betri ya 12, tarajia wati chache za kweli kila upande, na ukizifungia spika ya desibeli 90 utashangaa zinavyojaza nyumba ya vyumba viwili.

3. Amplifaya mpya ya dukani

Kama huna fundi unayemwamini na unataka risiti na waranti, chukua mpya. Yamaha A-S201 ina wati 100 kila upande na mahali pa kufungia mashine ya santuri, ila haina Bluetooth. Ndugu yake R-S202 ina Bluetooth na redio lakini haina mlango wa santuri. Hakikisha ni ile ya volti 230 au 240. Sababu ya kuiweka ya tatu ni pesa: kwa bei ya hiyo amplifaya peke yake, namba moja inakupa amplifaya pamoja na spika nzuri.

4. Risiva ya sinema ya mtumba

Ina milango ya spika tano au saba, nyaya za HDMI na menyu za kukuchosha. Bei yake sokoni hushuka haraka kwa sababu teknolojia ya picha inapitwa na wakati. Ukipata iliyokufa HDMI lakini bado inatoa sauti safi mbele, inunue kwa bei ya chini uitumie kama stereo. Vinginevyo pita.

5. Wufa la boksi moja na vispika viwili

Najua ndilo lililo kwenye sebule nyingi, na kwa taarifa ya habari na mpira linatosha. Kwa muziki, vile vispika vidogo havina twita ya kweli, yaani spika ndogo ya sauti nyembamba, na boksi la besi limetengenezwa lipige noti moja kwa nguvu. Kama bajeti inaishia hapo, chagua lenye boksi la mbao badala ya plastiki, na lililo zito. Lakini ningekuomba usubiri miezi miwili, uweke akiba, uende namba mbili.

Spika: hapa ndipo pesa iende

Tafuta jozi ya spika za rafu za mtumba, zenye koni ya inchi 5 au 6.5 na twita. Ondoa kitambaa cha mbele na uguse pete inayoizunguka koni. Ikiwa ya sponji, bonyeza kwa kidole taratibu. Sponji huoza baada ya miaka kumi na tano au ishirini, na iliyooza itakubakia kidoleni kama jivu. Pete ya mpira hudumu zaidi.

Mfukoni beba betri moja ya redio, ya volti 1.5, na vipande viwili vya waya. Gusisha chanya kwenye terminali nyekundu na hasi kwenye nyeusi, kwa sekunde moja tu. Koni inatakiwa kuruka mbele na kutoa mlio mfupi mkavu. Ikirudi nyuma, huenda kuna mtu aliyeifungua akaunganisha waya kinyume, na spika mbili zisizokubaliana zitaua besi yote. Ikikwaruza, huenda koili imeungua. Mwalimu aliona nikifanya hivi kwenye jozi ya kwanza, na ya kushoto ikakaa kimya. Muuzaji mwenyewe hakujua. Alishukuru na kuiweka kando. Kwa mita, spika ya ohmu 8 husoma kama 6 au 7, na ya ohmu 4 husoma 3 na kidogo. Angalia nyuma ya amplifaya inaruhusu ohmu ngapi, kwa sababu za 4 huivuta sana amplifaya dhaifu.

Maseremala wetu wa jua kali wanatengeneza masanduku imara ya spika. Kinachokosekana mara nyingi ni krosova ya kugawa sauti nzito na nyembamba. Twita ikiwa imefungiwa kapasita moja tu na koni kubwa haijazuiwa chochote, sauti za waimbaji zitakuchoma masikio. Muulize fundi akuonyeshe krosova kabla hajafunga mbao.

Nyaya na umeme

Zile nyaya nyembamba nyekundu na nyeusi za bei ya chini waachie kengele ya mlango. Nenda hadiwea ununue waya wa milimita mraba 1.5, kwa mita tano au sita unatosha kabisa, na hakuna haja ya kulipia waya wa kifahari. Kwangua uzi mmoja kwa kisu. Ukiwa mweupe ndani, ni alumini iliyopakwa shaba.

Umeme wetu huyumba, na huku magharibi radi ni nyingi. Chomeka mtambo kupitia gadi inayokata umeme ukipanda au kushuka sana, na inayosubiri kidogo kabla ya kuurudisha. Mawingu yakijikusanya jioni juu ya vilima vya Nandi, chomoa plagi na waya wa antena pia. Gadi haizuii radi iliyopiga nguzo ya karibu.

Siku ya kufunga

Mwalimu aliondoka Kibuye na tuktuk, amplifaya ikiwa imelala magotini mwake, spika katikati ya miguu yangu. Nyumba yake ni ya mabati na sakafu ya simenti, na ukipiga makofi sebuleni unasikia mwangwi. Tuliziteremsha spika kutoka juu ya kabati la ukutani, tukaziweka kwenye stuli mbili usawa wa masikio, sentimita arobaini kutoka ukutani na mbali na kona, kwa sababu kona huvimbisha besi. Tukasogeza kiti chake hadi umbali wa kwake hadi kila spika ukalingana na umbali wa spika mbili zenyewe. Mama akaleta pazia zito na zulia, mwangwi ukapungua.

Tulifunga nyaya za spika kwanza, kifungo cha sauti kikiwa sifuri, umeme ukiwa wa mwisho. Kifungo cha sauti hakikufika hata nusu ya mzunguko wake. Mwalimu aliinama mbele, akaanza kugongesha kidole kwenye mkono wa kiti, akifuata gitaa la besi noti kwa noti.