Nilipeleka feni isafishwe, nikarudishiwa laptopu imeuawa

Kazi niliyompa fundi ilikuwa kusafisha feni ya laptopu yangu. Feni tu! Natumia laptopu hiyo kuhariri video za harusi, na prosesa yake, ule ubongo wa mashine, ikishika kazi inatoa joto la kuunguza kidole. Kinachoiokoa ni ule mrija bapa wa shaba unaotoka juu ya prosesa kwenda kwenye feni. Watu wanadhani ni kipande cha shaba tupu. Sivyo. Ndani umetolewa hewa, yamebaki maji kidogo sana, na kuta zake zina unga wa shaba ulioshikamana kama sponji. Kwa kuwa hewa haimo, maji yanachemka bila kungoja digrii 100, mvuke unakimbilia upande wa feni, unapoa, kisha sponji inayanyonya maji kuyarudisha. Hakuna pampu wala umeme. Naupenda mno ufundi huo, ndiyo maana nimeumia.

Niliporudi jioni pale Kariakoo, mrija ulikuwa umepindwa kwenye kona, na juu ya ufa pamezibwa kwa risasi ya kulehemu. Nikauliza. Fundi hakuinua hata uso: "Dada, shaba ni shaba. Wewe kashike kamera yako." Mbele ya wateja! Nikamweleza kwamba mrija ukishapasuka hewa imeingia, umekufa, kuuziba hakusaidii. Akacheka, akadai hela yake yote. Nikalipa, maana laptopu ilikuwa mkononi mwake.

Nyumbani, dakika chache tu, digrii 97. Mashine ikawa inajikokota. Upande wa prosesa mrija unaunguza, upande wa feni vuguvugu. Feni inavuma bure. Bibi harusi wa watu akangoja video yake kwa kosa lisilo langu.

Kijana mmoja wa duka la jirani alinitolea seti nzima ya mrija na feni kwenye mashine mbovu ya aina ileile. Kabla ya kuifunga alichovya ncha moja ya mrija kwenye kikombe cha maji ya moto, akanipa nishike ncha ya pili. Sikuhesabu hata kufika tatu, nikaiachia kwa joto! Sasa kazi ile ile haivuki digrii 80. Mungu ambariki.

Yule wa kwanza, nimtendee haki: feni aliisafisha vizuri, na zamani aliwahi kunibadilishia kioo kikakaa sawa. Nilitaka kuandika kwamba kwa vioo mpelekeeni tu. Lakini "kashike kamera yako"? Hapana. Hata chaja msimpelekee.