TAHADHARI: Windows 11 ya sura tu, fundi wa Nakuru anawalia wazee pesa

Watu wa Nakuru, hasa mlio na wazee nyumbani wanaotumia kompyuta za zamani, someni hii kabla mtu hajatoa pesa. Kuna fundi pale katikati ya mji amemlia Shangazi yangu Sh9,000 mchana peupe, akampa risiti yenye muhuri na kumsindikiza hadi kwenye ngazi. Jina la kibanda siandiki kwa sababu jambo liko kituo cha polisi cha Nakuru Central na namba ya OB tunayo. Wanaopita pale kila siku watamjua tu.

Kompyuta ni ile yake yenye hesabu za chama chetu, wanachama mnaijua. HP EliteBook 840 G1, i5-4300U, RAM mbili za GB 4, diski ya kawaida ya GB 500. Ilikuwa inachelewa kuwaka, basi. Kilichompeleka mjini ni ule ujumbe unaojaza skrini kwamba Windows 10 imefika mwisho, na hilo si uongo: Microsoft ilisitisha huduma yake tarehe 14 Oktoba 2025.

Sasa sikieni alivyochezwa. Fundi alimkalisha upande wa ndani wa kaunta "ili uone kila kitu kwa macho yako, Mwalimu". Akamwonyesha sura ya zamani ya Windows 10, kitufe cha kuanzia kikiwa kushoto. Akageuza mashine, akasukuma komeo la chini (mfuniko wa 840 G1 hautaki bisibisi, unatoka kwa kidole), akachomoa diski, akamwekea mbele yake kiboksi cha SSD (diski ya kasi isiyozunguka) kilichoandikwa 512GB. Ghafla umeme wa kaunta ukawa "una shida", mashine ikaenda nyuma ya pazia. Shangazi akaletewa chai na huyo huyo fundi. Ilipotoka, kitufe kiko katikati, lile ua la bluu la Windows 11 limejaa skrini, madirisha yana pembe za mviringo, na stika mpya ya Windows 11 imebandikwa chini ya kibodi. Akaambiwa aizime na kuiwasha mwenyewe. Ikawaka chap chap. Sh3,000 leseni, Sh5,500 SSD, Sh500 kazi, zote kwa M-Pesa.

Na mtu asije hapa kuandika kwamba wazee hawaulizi. Aliuliza. Aliuliza kama faili zake zipo, akafunguliwa folda moja akaziona. Aliuliza kama leseni ni halali, akaonyeshwa kadi yenye herufi na namba 25. Kibanda kina vioo, kina risiti, wanafunzi wa chuo wamepanga foleni, na aliyemwelekeza ni mtu wa kanisani kwake. Nani kati yetu angeshuku? Tena kompyuta ilikuwa imepata kasi kweli. SSD yoyote, hata iliyochoka, ikichukua nafasi ya diski ya kuzunguka, mtu ataona tofauti siku hiyo hiyo. Kasi ile ndiyo iliyomfumba macho.

Haya, kilichokuwa ndani. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika winver. Jibu: toleo 22H2, 19045. Hiyo ni Windows 10! Windows 11 inaanzia 22000 kwenda juu. Alichofanya ni kuweka Windows 10 upya na kuipaka programu ya kubadilisha sura. Mbona hakuweka 11 yenyewe? Kwa sababu prosesa yake, ile i5-4300U, ni Intel ya kizazi cha 4. Microsoft inataka Intel ya kizazi cha 8 kuendelea, ukiacha chache za 7, pamoja na TPM 2.0 (chipu ya usalama) na Secure Boot (ulinzi wakati mashine inawaka), kwa hiyo ukiipa flashi ya kawaida ya kuweka Windows 11 inakataa. Njia ya kupita ipo: unapoandaa flashi kwa Rufus, programu ya kutengenezea flashi hizo, inakuuliza kama uondoe masharti hayo, unatia tiki. Kwenye i5 ya kizazi cha 4 inakubali, ila Microsoft haikuhakikishii masasisho, na toleo jipya la kila mwaka utalilazimisha kwa mkono. (Wenye Core 2 Duo msijisumbue. Kuanzia toleo la 24H2, Windows 11 haiwaki kabisa, prosesa haina amri ya POPCNT.) Tiki moja, na jamaa ilimshinda. Mwizi, tena mvivu.

SSD ya 512? GB 512 halisi husomeka kama 476 hivi ndani ya Windows, hiyo si dhambi ya mtu. Ya 256 husomeka 238. Hii inasoma 111, maana yake ni ya 120, na CrystalDiskInfo, programu inayosoma hali ya diski, inaonyesha imeshafanya kazi zaidi ya saa 20,000. Imetolewa kwenye mashine nyingine, ikabandikwa lebo. Faili za Shangazi zilikuwa karibu GB 180, ambazo haziwezi kuingia humo hata kwa maombi, kwa hiyo fundi alinakili folda moja ya kuonyesha, picha na vingine vyote vikabaki kwenye diski ya zamani. Diski hiyo anayo fundi. RAM nayo imebaki moja, GB 4. Kwa mfuniko ule, kuchomoa moja ni kazi ya dakika mbili.

Leseni ndiyo inayoniudhi kuliko yote. Kompyuta ilikuja na Windows 10 Pro halali, imefungamana na ubao mama. Ukiiweka upya inajitambua ikipata intaneti, na kupanda kwenda 11 kwa mashine inayokidhi masharti ni bure. Sh3,000 ni za nini? Alichoweka ni ule uwezeshaji wa wizi wa siku 180, unaoidanganya Windows kwamba ina leseni, na ili usikamatwe akaiambia Defender, kinga ya virusi ya Windows, isichunguze diski C nzima. Kwenye mashine ambayo mtu anaingilia iTax, eCitizen na benki!

Huyu asiachiwe kibanda. Alipe Sh9,000, alete diski na RAM, kisha ashtakiwe. Mahakama ya Madai Madogo inasikiliza hadi shilingi milioni moja na wakili si lazima, kwa hiyo wengine mlioliwa, chimbueni risiti zenu na ujumbe wa M-Pesa, tujae pale siku moja. Mwenye jengo naye aone ni nani anampangisha.

Dalili? Mashine kupelekwa nyuma ya pazia. "Leseni" kuuzwa kwa mashine iliyokuwa na Windows halali. Kukataa kukurudishia diski ya zamani eti "haifanyi kazi tena". Kabla ya kumpa fundi, piga picha ya Task Manager, upande wa RAM na wa diski, kisha linganisha kabla ya kulipa. Andika winver. Andika slmgr /xpr pale pale pa winver, uone kama leseni ina mwisho. Ikitoa tarehe ya kuisha, rudisha mashine hapo hapo. Ikisema ni ya kudumu pia usimtakase mtu haraka, maana kuna wizi unaotoa jibu hilo hilo.

Na kwa mashine kama hiyo hamkuhitaji fundi. Windows 10 22H2 ina mpango wa masasisho ya usalama hadi 13 Oktoba 2026, unajiandikisha kwenye sehemu ya Windows Update ukiwa na akaunti ya Microsoft. Ukikubali kuhifadhi mipangilio yako kwenye akaunti hiyo, hulipi kitu. SSD mpya dukani, fungueni boksi wenyewe.

Wanachama wa chama: nakala za vitambulisho vyenu na namba za KRA ziko kwenye ile diski aliyobaki nayo fundi. Badilisheni paswadi za eCitizen na iTax leo, kwa simu, si kwa kompyuta ya Shangazi. Mweka hazina, paswadi ya barua pepe ya chama ilikuwa imehifadhiwa kwenye Chrome, anza na hiyo.