Nusu saa ya mwisho katika yadi ya magari Darwin

Nilikusudia kuandika sifa tupu. Kwa muda wa wiki tatu, katika majira ya ukavu ya mwaka juzi, mimi na mume wangu tulikodi gari lenye kitanda, jiko na jokofu, lile linaloitwa kampavani, tukalichukua Adelaide, kusini mwa Australia, na kulirudisha Darwin, kaskazini kabisa, na gari lenyewe halikutuangusha hata siku moja. Kilichotuangusha ni nusu saa ya mwisho. Ndiyo maana sitazungumzia ukubwa wa injini wala idadi ya mito. Hayo yamo katika tangazo la kampuni iliyotukodisha.

Siku ya kurudisha tulidamka alfajiri. Tuliosha vyombo, tukafuta sinki, tukamwaga choo mahali palipotengwa, kisha tukapitia sehemu ya kuoshea magari ambako mume wangu, mtu mzima mwenye mvi, alisugua wadudu waliokaukia kwenye kioo cha mbele mpaka shati likamganda mgongoni. Tuliingia yadini tukijiona wapangaji wema. Kijana wa kupokea magari alitoka na kishikwambi mkononi, akamwita mume wangu kwa jina lake tupu kama mtoto anayetumwa dukani, na bila salamu yoyote akachuchumaa kando ya gurudumu la nyuma. Akaingiza kidole ndani ya madigadi, akakitoa, akakinyanyua mbele ya macho yangu. Kilikuwa chekundu.

"Mmepita barabara ya vumbi," alisema, na kwa pumzi ile ile akatamka dola 300 za usafi, zitakazokatwa kwenye dhamana.

Mimi nimekulia Singida, vumbi nalijua. Ila lile la katikati ya Australia ni jamii nyingine kabisa, udongo uliojaa kutu ya chuma, unaoingia ndani ya begi lililofungwa zipu na kulala juu ya mkate. Halihitaji barabara mbovu. Stuart Highway, barabara kuu ya kwenda Darwin, imewekwa lami mwanzo hadi mwisho tangu 1987, lakini kila inapopishana nawe ile mijilori inayovuta matela matatu au manne, ambayo urefu wake hufikia mita 53.5, gurudumu lake moja likigusa tu ukingo wa lami unabaki umezungukwa na ukungu mwekundu. Nilimweleza hayo yote. Aliendelea kupiga picha kidole chake.

Hapa sina budi kusema ukweli, ingawa mume wangu amenishauri niuruke. Kusini kidogo ya mji wa Alice Springs, katikati ya nchi, tuliacha lami, tukafuata njia ya vumbi kama kilomita 8 hivi kutafuta mahali pa kutazama jua likizama, nasi tulijua kwamba mkataba unakataza. Kwa hiyo labda dola zile tulistahili kuzilipa. Hata hivyo, kijana yule hakuwa na habari za kilomita hizo, na baada ya hapo tulikuwa tumekwenda zaidi ya kilomita 1,400 na kuosha gari mara mbili; alichokifanya ni kubahatisha, na kubahatisha kwa mtu asiyejua hata kusema habari za asubuhi si ukaguzi.

Nisiwe mchoyo wa fadhila. Gari lilipanda na kushuka bila kukohoa. Jokofu liligandisha maji hata Coober Pedy, ambako watu wamechimba nyumba chini ya ardhi kulikimbia joto. Na usiku tuliolala Karlu Karlu, mahali penye mawe makubwa ya mviringo, tulifungua mlango wa nyuma tukanywa chai ya tangawizi, hakunena mtu. Binti yangu akiniuliza leo kama akodi kwao, nitamwambia akodi, mradi apige picha mpaka uvungu wa gari kabla ya kuondoka.

Au basi, asikodi. Kwani hayo yote yalipokwisha nilimwomba kijana yule karatasi yenye maelezo ya makato, akanijibu kwamba itakuja kwa barua pepe, akageuka na kumfungulia geti mteja mwingine kwa tabasamu pana ambalo kumbe alikuwa nalo. "Mama Zuhura, achana naye, tutakosa ndege," mume wangu alininong'oneza, akinivuta kwa ncha ya kanga. Barua pepe ilifika baada ya majuma kadhaa. Ndani yake mlikuwa na picha moja tu, ya kidole.

Mume wangu anasema niwape nyota tatu kwa ajili ya lile jokofu. Nimewapa mbili.