Kebo ipi ya video ununue? Pima umbali kwanza

Kabla ya kuuliza bei, chukua tepu upime kutoka kwenye kifaa hadi kwenye skrini, ukifuata kona zote ambazo kebo itapita. Wengi huangalia ncha tu, picha ikianza kukatika wanalaumu runinga.

Namba moja kwa nyumba nyingi ni HDMI. Inabeba picha na sauti kwa pamoja, na runinga za siku hizi zote zina tundu lake. Usikubali maneno ya muuzaji, soma lebo. "Premium High Speed" hupitisha gigabiti 18 kwa sekunde, zinazotosha 4K, yaani picha kali sana, ya fremu 60 kwa sekunde. "Ultra High Speed" hufika 48, nayo ni ya 4K ya fremu 120 au 8K, iliyo kali zaidi. Ncha za dhahabu usizilipie zaidi: huzuia kutu, haziongezi ung'avu wowote. Mawimbi ya kidijitali yakifika salama, picha ni ileile. Yakidhoofika, utaona vidoti vikimetameta au skrini ikizimika ghafla.

Kwa 4K, mimi sivuki mita 5 na HDMI ya shaba. Zaidi ya hapo nunua HDMI ya nyuzi za mwanga. Hii ina upande: ncha moja ni ya kifaa, nyingine ya skrini, na ukizigeuza hupati picha. Tafadhali ijaribu kabla hujaifukia ukutani!

Ya pili ni DisplayPort, kwa kompyuta na monita, hasa kwa wacheza gemu. Nyingi zina kifungio kwenye ncha. Bonyeza kwanza ndipo uchomoe.

USB-C naiweka ya tatu kwa sababu inachanganya watu. Kebo nyingi za kuchajia simu zinafanana nayo kabisa lakini hazipitishi video. Hakikisha kebo na tundu la kifaa vyote vinaruhusu picha.

Anayerusha matukio mubashara asihangaike na hizo, achukue SDI. Ni kebo nene ya omu 75, ncha yake inazungushwa ikajifunga, hivyo mtu akijikwaa haichomoki ovyo. Ikiwa nzuri, picha ya HD hufika takriban mita 100.

VGA, ya tangu 1987, haina sauti. Inunue tu kama projekta yako haina tundu jingine. Na kwa deki ya zamani, RCA yatosha: njano ni picha, nyekundu na nyeupe ni sauti.