Kutoka daftari la mali kauli hadi ERPNext: uzoefu wangu katika duka letu la kanga

Duka letu la jumla lipo Kariakoo, Mtaa wa Uhuru. Babu alilianza kwa mzigo wa kiwanda cha Urafiki cha Ubungo, kilichofunguliwa mwaka 1968, na tangu wakati huo hesabu zote zilikaa katika madaftari ya jalada gumu, ambayo kwa miaka mingi mtunzaji wake amekuwa shangazi yangu. Kwa miezi 14 sasa tunatumia ERPNext, programu ya kompyuta ya kuendeshea mauzo, stoo na hesabu za biashara. Naandika kwa ajili ya wenzangu waliorithi biashara za namna hii, ambao wanajua kwamba daftari halitoshi tena lakini wanaogopa, na wana haki ya kuogopa, kwamba mfumo mpya utafuta kile ambacho wazee wao walikijenga.

Huu ni mfumo wetu wa pili. Wa kwanza tuliuziwa na kampuni ambayo sitaitaja, na nitaueleza kwa sababu ndio ulionifundisha nini cha kudai.

Mfumo ule uliipa kila kanga namba. Kanga, hata hivyo, ina pindo, mji (pambo la katikati) na jina, yaani maneno yaliyoandikwa juu yake, na mteja wa jumla anayepiga simu kutoka Tanga au Mtwara husema, “Nitilie korja mbili za Wema Hauozi na moja ya kisutu.” Muuzaji wetu, aliyekuwa akiitikia na kuifuata rafu bila kufikiri, sasa alilazimika kushika karatasi ya kutafsiri majina kuwa namba, na mara mbili tulipeleka mzigo usioagizwa. Zaidi ya hapo mfumo ulihesabu vipande tu, wakati sisi tunauza kwa doti, yaani vipande viwili vilivyoungana ambavyo mnunuzi atavikata na kuvipinda mwenyewe, na kwa korja, ambayo dukani kwetu ni doti 20. Kila jioni hesabu ya stoo ilikataa kulingana na ya kwenye kioo cha kompyuta.

Hayo yangevumilika. Lililotuumiza ni mali kauli. Wateja wetu wengi huchukua mzigo kwa neno lao na kulipa wakishauza, na ukurasa wa kila mmoja katika daftari la shangazi una mambo ambayo hayakuwa na nafasi katika mfumo ule. Mama mmoja, mteja wetu tangu enzi za babu, alifiwa na mume. Pembeni mwa deni lake shangazi alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu: “Yupo edani. Asidaiwe.” Waliohamisha hesabu walichukua kiasi na tarehe, wakaacha maneno, na siku ya 31 mfumo ukamtumia yule mama ujumbe wa kumtaka alipe haraka kabla ya kuchukuliwa hatua. Shangazi alikwenda mwenyewe kumwomba radhi. Aliporudi aliniambia, “Mwanangu, deni lile ningelilipa mimi kuliko kumfikishia mfiwa maneno yale.” Wiki ile ile tuliuzima mfumo.

ERPNext hutengenezwa na kampuni ya Frappe ya Mumbai, India, na ni programu huria: hakuna ada ya leseni, gharama ni ya seva na ya fundi. Tulipata kijana hodari, na sharti letu la kwanza lilikuwa kwamba kabla ya kugusa kompyuta akae na shangazi siku tatu, wafungue madaftari ukurasa kwa ukurasa, na aulize kila alama asiyoielewa. Siku hizo tatu zilikuwa na thamani kuliko kazi yote iliyofuata.

Jina la kanga likawa ndilo jina la bidhaa, na rangi nne au tano zinazotoka kwa jina moja zikawekwa chini yake kama matoleo, kila moja na picha yake. Kipimo cha msingi ni kipande, doti ni vipande 2, korja ni vipande 40, na programu yenyewe hubadilisha kutoka kipimo kimoja kwenda kingine. Kwa kuwa inaruhusu kubadilisha maneno ya kwenye kioo, ankara ya mkopo imeandikwa “Mali kauli”, na shangazi anaisoma bila mkalimani. Kila mteja ana kikomo chake na muda wake wa kulipa, kama daftari lilivyomtambua. Tumeongeza pia sehemu inayoitwa “Maneno ya daftari”, ambamo yale ya kalamu nyekundu yameingizwa kama yalivyo, na ujumbe wa kukumbusha deni hautoki mpaka shangazi aweke alama ya kuuruhusu.

Kwa upande wa faida, kufunga hesabu za mwezi, kazi iliyokuwa ikichukua siku nne, sasa ni asubuhi moja, na kwa mara ya kwanza tunajua jina lipi limekaa stooni mwaka mzima bila kuguswa.

Anayetaka kuanza ajue kwamba bila fundi wa kuipanga, programu hii ni kubwa mno kwa duka, na malipo ya kila mwezi ya kumweka karibu lazima yaingie kwenye bajeti. Umeme ukikatika nasi tunasimama, kwa hiyo tumenunua betri ya akiba. Risiti za kodi bado tunazitoa kwenye mashine ya EFD, hivyo kila mauzo huingizwa mara mbili, na hilo ndilo linalofuata kutatuliwa.

Madaftari tumeyapiga picha na kuyaambatisha kwenye akaunti za wateja. Mwezi uliopita alikuja binti wa yule mama, ambaye sasa ndiye anayeendesha duka lao Tanga. Nilimfungulia ukurasa wa mwaka ambao mama yake alichukua korja yake ya kwanza, na mwandiko wa babu pembeni: “Mwaminifu. Apewe anachotaka.” Aliusoma mara mbili, kisha akaomba nimchapishie.