Bwawa la Georges-Vallerey, Paris: kwa wanaopenda kuogelea chali, msilikose

Nyota 5 kati ya 5 na ntaeleza kwa nini, maana watu wakija Paris wengi wanaishia mnara wa Eiffel na Louvre alafu wanaondoka, hawajui kwamba kule juu mtaa wa 20, hatua chache tu kutoka metro ya Porte des Lilas, kuna bwawa la mita 50 ambamo mwanamke alichukua dhahabu ya Olimpiki ya kuogelea chali kwa mara ya kwanza kabisa. Na sio makumbusho, unalipa kiingilio unaingia majini kama mtu mwingine yeyote.

Zamani liliitwa Tourelles, lilijengwa kwa ajili ya michezo ya 1924. Hapo ndo Olimpiki iliogelewa kwa mara ya kwanza kwenye bwawa la mita 50 lenye njia zilizochorwa, kabla yake mambo yalikuwa ya ajabu, Stockholm 1912 walishindana bandarini na Antwerp 1920 kwenye maji ya baridi na meusi ya handaki la ngome, ule mfereji mpana wa kulinda mji. Na wanawake walikuwa wanapewa kidogo kidogo: 1912 mita 100 mtindo huru na rilei, 1920 wakaongezewa mita 300, chali hamna, wakati wanaume wanashindana chali tangu 1900 hapahapa Paris! Kwa hiyo 1924 walipowekewa mita 100 chali ilikuwa imechelewa sana, na mwanamke wa kuichukua alikuwa tayari keshangoja.

Sybil Bauer, binti wa Chicago. Jamani huyu dada watu wamjue. Mwaka 1922 kule Bermuda aliogelea yadi 440 chali kwa dakika 6 sekunde 24.8, na rekodi ya dunia ya WANAUME wakati huo ilikuwa 6:28, ya Stubby Kruger. Paris akashinda kwa 1:23.2, wa pili Phyllis Harding wa Uingereza 1:27.4, yaani zaidi ya sekunde 4 nyuma, na kwenye mita 100 hiyo ni mbali mno. Wa tatu Aileen Riggin wa Marekani, ambaye michezo hiyohiyo alipata na medali ya fedha ya kuruka majini. Bauer alifariki Januari 1927 kwa saratani, miaka 23 tu. Kila nikifikiria hilo naumia, maana Amsterdam 1928 Marie Braun wa Uholanzi alishinda kwa 1:22.0 na mi naamini Bauer mzima angekuwemo kwenye ile fainali na tungeona mbio ya maana.

Sasa bwawa lenyewe. Urefu ule wa mita 50 kwa mtu wa chali ni raha tupu kwa sababu unapata nafasi ya kutulia kwenye mdundo, mabega yanazunguka vizuri, miguu inapiga bila kukatizwa na ukuta kila saa. Paa linafunguka. 1924 hakukuwa na paa kabisa, kwa hiyo likiwa wazi unapata karibu kile walichokipata wao, mbingu tu juu yako, na ukweli ni kwamba chali chini ya mbingu ni ngumu kwenda mnyoofu, huna cha kukazia macho, na mwanga unakuchoma. Likifungwa unapata mstari wa paa wa kufuata kwa macho. Mi napenda likiwa wazi hata kama nakwenda upande, kama unafanya mazoezi ya kasi chagua siku limefungwa. Walilifanyia ukarabati mkubwa kabla ya Olimpiki ya 2024, lilitumika kwa mazoezi ya waogeleaji.

Na hapa kwenye ukuta ndo ujaribu kitu kimoja: geuka kizamani. Saivi tunajiviringisha na kusukuma kwa miguu lakini enzi zile ilibidi mkono uguse ukuta ukiwa bado chali, usipogusa umeisha. Nida Senff, Mholanzi mwingine, fainali ya Berlin 1936 aliukosa ukuta kwenye kugeuka, akarudi akaugusa, na bado akashinda kwa 1:18.9. Jaribu kugusa hivyo ukiwa na kasi kamili ndo utaelewa alichofanya.

Jina la sasa nalo lina maana, Georges Vallerey alikuwa mtu wa chali, shaba ya mita 100 London 1948, na akiwa kijana kule Casablanca, Moroko, mwaka 1942 aliokoa mabaharia wakati wa mapigano ya Vita vya Pili vya Dunia. Alifariki 1954, naye kijana.

Ya kujiandaa nayo: kofia ya kuogelea ni lazima, wanaume kaptula pana haziruhusiwi, vaa ya kubana. Miwani yenye vioo vyeusi kidogo itakusaidia paa likiwa wazi. Kama ilivyo kwa bwawa lolote la umma, chali kwenye njia yenye watu inahitaji uangalifu, angalia mbele kabla hujaondoka ukutani na mwache anayekwenda haraka atangulie. Angalia pia ratiba yao ya wiki kabla hujatoka nyumbani, mabwawa ya Paris yana saa za shule na saa za vilabu na umma unapewa zilizobaki.