Nakala ya drakma ya Mfalme Menander: uso mzuri, mgongo uliosahauliwa

Kwa muda mrefu nilitafuta nakala ya drakma, sarafu ya fedha ya Kiyunani, ya Menander wa Kwanza, mfalme Myunani wa kale, ili wanafunzi wangu wa historia hapa Mbeya waishike mkononi badala ya kuitazama kitabuni tu. Mwezi uliopita niliipata kwa muuzaji wa mtandaoni kwa shilingi 38,000, pamoja na gharama ya kifurushi kuletwa kwa basi kutoka Dar es Salaam. Ilifika baada ya siku nne, ikiwa imefungwa vizuri.

Uso wake unastahili sifa. Mfalme amechorwa kichwa na mabega, amejifunga utepe wa kifalme ambao ncha zake zinaning'inia kisogoni, na maneno ya Kiyunani yanayomzunguka, "Basileos Soteros Menandrou", yaani "ya Mfalme Menander Mwokozi", yanasomeka yote bila kioo cha kukuzia.

Nilimpelekea sonara mmoja wa mjini, ambaye mizani yake imezoea dhahabu ya Chunya, akapata gramu 3.4, ilhali drakma halisi ya fedha ya mfalme huyu ina takriban gramu 2.45. Pembeni pana mshono unaoonyesha kwamba imesubiwa kwenye kalibu, wakati zile za kale ziligongwa kwa nyundo kati ya mihuri miwili. Kwa bei hiyo silalamiki.

Ninacholalamikia kiko mgongoni. Athena, mungu wa kike wa Wayunani, anaonekana, ngao mkono mmoja na radi mkono wa pili, lakini maandishi ya Kharoshthi yaliyomzunguka yamegeuka michirizi tu. Yalipaswa kusomeka "Maharajasa tratarasa Menamdrasa", maana ile ile ya usoni, ila kwa Kiprakriti, lugha ya raia zake, na kwa hati inayoandikwa kutoka kulia kwenda kushoto. Hilo ndilo lililonifanya niitamani sarafu hii: mfalme Myunani wa karne ya 2 KK, aliyetawala Punjab (katika Pakistan na India za leo) na nchi jirani, na ambaye Wabudha wanamkumbuka kwa jina la Milinda, aliona kwamba anayepokea fedha yake ana haki ya kulikuta jina la mtawala katika hati ya kwao. Wazee wa Nyanda za Juu Kusini ambao bado wanatunza rupia ya fedha ya Wajerumani, hao waliotuachia neno hela, wakiigeuza watamwona Kaisari Wilhelm wa Pili akijitambulisha kwa Kilatini, na upande wa pili Kijerumani. Neno la waliotozwa kodi kwa rupia hiyo halimo.

Kadi iliyoambatana na nakala inaiita "sarafu ya Ugiriki", jambo ambalo si sahihi na linafaa kurekebishwa. Ingekuwa heri iseme kwamba Periplus ya Bahari ya Eritrea, maandishi ya karne ya 1 BK yanayoitaja Rhapta ya pwani yetu, yanaeleza pia kwamba drakma za Menander na za Apollodotus, mfalme mwingine Myunani wa huko, zilikuwa bado zinatumika Barygaza, bandari ya India. Mwanafunzi akisikia hivyo, mfalme huyu hawi tena mgeni kabisa kwake.

Muuzaji amenijibu kwa adabu. Anayo pia nakala ya sarafu ya shaba ya Menander, ile ya mraba yenye kichwa cha tembo, na nimemwambia nitainunua akinitumia kwanza picha ya mgongo wake.